Udahili ulioahirishwa na kazi inayosahauliwa

Katika mahafali niliyohudhuria hivi karibuni, mzazi mmoja alishika kipaza sauti akawatangazia waalikwa kwamba vyuo vikubwa vya biashara vya Marekani siku hizi vinawachukua vijana moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na uzoefu wa kazi hauulizwi tena. Ukumbi ulipiga makofi. Alichokuwa akikieleza mzee wetu kinaitwa udahili ulioahirishwa, yaani utaratibu ambao chuo humkubali mwanafunzi aliye mwaka wa mwisho kwa ajili ya MBA (shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara), kisha humtaka akafanye kazi kwanza ndipo aingie darasani.

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye neno "udahili". Mzizi wake ni wa Kiarabu na maana yake ni kuingia. Ni mzizi uleule uliowapa Wazanzibari "dakhalia", jina la bweni la wanafunzi. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kijana amedahiliwa, tayari anamwona na sanduku lake mlangoni. Neno la pili ndilo lililopaswa kumsimamisha hapo nje. "Ahirisha" lina undugu na "ahera", kwa kuwa yote mawili yanatoka kwenye mzizi wa kitu kilicho nyuma au kinachokuja baadaye, na matumizi yake tunayasikia kila siku mahakamani: kesi ikiahirishwa haijafutwa, imepangiwa tarehe nyingine, na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana anarudi nyumbani na masharti yake yaleyale. Sharti la udahili huu ni kazi. Mpango wa 2+2 wa Harvard, uliotangazwa mwaka 2007, unamtaka mwanafunzi afanye kazi kwa angalau miaka 2 kabla ya kuanza masomo, na jina lenyewe halifichi kitu: miaka 2 kazini, miaka 2 darasani. Sijui watu huisoma vipi ile alama ya kujumlisha.

Mpango unaokaribiana zaidi na maneno ya yule mzazi ni Silver Scholars wa Chuo Kikuu cha Yale, ambao humwingiza mhitimu darasani mara tu anapomaliza shahada ya kwanza. Lakini huo nao, baada ya mwaka wa kwanza wa masomo, humtoa akafanye kazi kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha arudi kumalizia. Zipo pia shahada za uzamili katika menejimenti, kama zile za HEC Paris na London Business School, zilizokusudiwa vijana wasio na uzoefu, ila hizo si MBA na hazidai kuwa MBA.

Basi kijana aliyepata barua ya udahili ulioahirishwa apongezwe kwa moyo wote, kwa sababu nafasi hizo hazipatikani kirahisi. Akishapongezwa, aulizwe kwa upole kazi ameipata wapi.