STI au Evo? Tazama kwanza litakapoanzia kuharibika

Anayeniuliza nimchagulie kati ya Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution huwa tayari ana jibu moyoni, na mara nyingi limetokana na mlio wa ekzosi au picha iliyobandikwa ukutani enzi za utoto. Sina ugomvi na mapenzi ya namna hiyo. Mimi ni fundi wa injini, magari haya mawili ndiyo kazi yangu ya kila siku, na nayapenda yote. Ila kwa mtu anayetaka kununua, kuuliza lipi lina mbio zaidi hakumfikishi popote. Yanakaribiana mno. Wape madereva wawili wenye uwezo sawa, mshindi ataamuliwa na tairi na hali ya barabara.

Swali la maana ni hili: wahandisi wa kila upande waliweka wapi ustadi wao mwingi, na wapi waliacha upenyo mdogo wa kukosea? Hapo penye upenyo mdogo ndipo gari litakapokudai. Kwa STI pako kwenye injini. Kwa Evo pako nyuma, kwenye difu, yaani mtambo unaogawa nguvu kwa tairi, na mitambo inayoiongoza. Ukishalielewa hilo, mengine yote yanakaa sawa.

Yote mawili yalizaliwa na rali, tena mwaka mmoja, 1992, ingawa jina la STI lenyewe lilikuja 1994. Kanuni za Kundi A, daraja la magari ya rali, zilimlazimu mtengenezaji kuuza barabarani magari mengi ya aina ileile anayoshindania, ndiyo sababu mtu wa kawaida akaweza kununua sedani ya milango minne yenye tabo, ile pampu inayosukumia injini hewa zaidi, na tairi zote nne zinazovuta. Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia na Subaru mwaka 1995. Tommi Mäkinen akajibu na Mitsubishi kwa mataji manne mfululizo, 1996 hadi 1999. Halafu Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003 wakaurudisha Subaru. Kwa mnunuzi, maana ya ushindani huo ni kwamba kila toleo lilitoka kumjibu mwenzake, na matoleo yalifuatana haraka. Evo ilipitia vizazi kumi kati ya 1992 na 2007. Magari mawili yanayofanana sura yanaweza kuwa na gia, difu na tabo tofauti kabisa.

Kwa hiyo kabla hujafungua boneti, soma namba ya chasisi. Evo IV ni CN9A, V na VI ni CP9A, VII hadi IX ni CT9A, na X ni CZ4A. Upande wa Subaru, GC8 ni kizazi cha kwanza; kinachofuata kina herufi mbili za kuchunga sana: GDB ni STI, GDA ni WRX ya kawaida. Nimeona GDA nyingi zimevalishwa nembo ya STI, bawa kubwa na rimu za dhahabu. Chini bado ni GDA, yenye gia tano zisizovumilia kuachiwa klachi kwa ghafla, wakati GDB ina gia sita ambazo ni miongoni mwa vitu imara kuliko vyote katika gari hilo. Muuzaji akikwambia gia zimebadilishwa, ingia chini uhakikishe na difu ya nyuma imebadilishwa pia. Uwiano wake usipolingana na wa gia, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inajiua yenyewe.

Sasa injini, na hapa nitakaa kidogo.

Injini ya STI ni boksa. Silinda nne zimelazwa, mbili kulia na mbili kushoto, na uzito wote uko chini. Gia zimefuata nyuma yake kwa mstari ulionyooka, kisha propela shafti hadi difu ya nyuma. Ni mpangilio mzuri mno. Gari linatulia barabarani kwa namna ambayo hata abiria anaihisi. Lakini boksa ya Subaru imekuja kwa ukubwa wa aina mbili. EJ20 ya lita 2.0 ina silinda zenye kipenyo cha milimita 92, na pistoni husafiri milimita 75. EJ25 ya lita 2.5 ina kipenyo cha milimita 99.5 na mwendo wa milimita 79. Silinda zilipanuliwa bila kusogezwa mbali, kwa hiyo nyama iliyobaki katikati yake ni kidogo, na pistoni ni pana. Hiyo EJ25 ina nguvu tamu kuanzia mizunguko ya chini, na kwa matembezi ya kawaida inapendeza kuliko EJ20. Ila mafuta yakianza kulipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio, iwe kwa sababu ya petroli duni, joto au mtu aliyechezea kompyuta ya injini bila kujua anachofanya, kinachovunjika ni ule ukingo mwembamba wa pistoni ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Mara nyingi huwa silinda namba 4. Gari litaendelea kutembea, litavuta vizuri tu, huku likila oili na kutoa moshi kwenye mpira wa kupumulia wa injini. Usipopima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, hutajua.

Kingine ni oili. Boksa ikipelekwa kwa kasi kwenye kona ndefu, oili hukimbilia upande mmoja na kuzama kwenye silinda hedi, na kama ilikuwa pungufu tangu mwanzo, beringi za konrodi ndizo za kwanza kukauka. Mwenye STI anatakiwa kuchomoa kijiti cha oili kila anapojaza tangi. Si ushauri wa kupuuza. Injini nyingi za STI nilizofungua zilikufa kwa oili iliyoshuka kidogo tu chini ya alama, kwa mtu aliyekuwa na hakika kwamba ameifanyia sevisi kwa wakati.

Ukienda kulikagua, omba likutwe baridi, halijawashwa siku hiyo. Liwashe, simama mbele, sikiliza. Mlio mkavu wa kugonga, kama mtu anagonga kucha mezani, unaopungua injini inavyopata joto, ni pistoni zikipiga kuta za silinda kabla hazijatanuka. EJ nyingi zinafanya hivyo na kuishi miaka. Mlio mzito wa kugonga unaozidi injini ikishapata moto, unaosikika zaidi ukiigusa mafuta hadi mizunguko 3,000 hivi kisha ukaachia, ni beringi. Hapo shukuru, funga boneti, nenda nyumbani.

Evo kuanzia ya kwanza hadi ya IX ina 4G63, silinda nne zilizosimama kwa mstari, bloku ya chuma. Kipenyo milimita 85, mwendo milimita 88. Ni injini nzito na ya kizamani, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote mbili. Bloku yake inabeba nguvu nyingi kupita zile ilizotoka nazo kiwandani, na kuifanyia kazi ni rahisi: plagi ziko juu unaziona, ilhali kwenye STI unapenyeza mkono kati ya injini na chasisi. Gasketi ya silinda hedi ya Evo inabadilishwa injini ikiwa mahali pake. Ya STI, mafundi wengi tunaishusha injini kwanza.

Hatari ya 4G63 ni mkanda mmoja mdogo. Nyuma ya mkanda wa taimingi kuna mwingine mwembamba unaozungusha shafti ya kusawazisha mtetemo. Ukikatika, vipande vyake hunaswa na mkanda mkubwa, taimingi inaruka, valvu zinakutana na pistoni. Ukinunua Evo bila karatasi za mikanda yote miwili, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa na uanze nayo, pamoja na tenshona inayokaza mkanda na pampu ya maji. Evo X haina habari hizo. Injini yake ni 4B11, bloku ya alumini na cheni badala ya mkanda. Cheni nayo hurefuka, hasa oili ikipuuzwa, kwa hiyo usimwamini anayekwambia haihitaji kuangaliwa.

Tukitoka kwenye injini, mambo yanageuka. Difu ya kati ya STI, ile wanayoiita DCCD, unaiongoza kwa kigurudumu kidogo kando ya gia. Ukiizungusha unaikaza au kuilegeza, au unaiachia ijiamulie. Kwenye matoleo ya baadaye nguvu imegawanywa asilimia 41 mbele na 59 nyuma. Ni mtambo wa kueleweka, na haunisumbui sana gereji. Evo ilienda mbali zaidi. Tangu Evo IV mwaka 1996 kukawa na AYC, difu ya nyuma inayoweza kuhamisha nguvu kutoka tairi la kushoto kwenda la kulia na kinyume chake. Evo VII ya mwaka 2001 ikaongeza ACD, difu ya kati inayokazwa kwa presha ya oili na kompyuta, ukiichagulia lami, changarawe au theluji kwa kubonyeza swichi.

Barabarani tofauti hiyo huhitaji kuambiwa. Ingia kwenye kona na STI kwa kasi iliyozidi kidogo, pua inataka kutoka nje; unasubiri, unapunguza mafuta, inarudi. Inakufundisha uvumilivu. Evo ukiipa mafuta pale ambapo moyo unakwambia uachie, tairi la nyuma la nje linasukumwa zaidi na gari linajikunja kuingia ndani ya kona. Mara ya kwanza unadhani umebahatisha. Ukirudia, inarudia. Mimi sijaendesha sedani nyingine ya zama zile inayogeuka hivyo, na kama unanunua kwa ajili ya kuendesha tu, bila hesabu nyingine, sababu hii moja inatosha kuchukua Evo.

Bei ya uchawi huo imefichwa nyuma. Kwenye Evo X, pampu inayoendesha ACD na AYC imefungwa nyuma ya tairi la nyuma la kulia, mahali ambapo maji, matope na chumvi vinarushwa moja kwa moja. Toa tairi, toa kinga ya plastiki, tazama mabano na soketi ya waya. Kutu ya juu juu si tatizo. Ukikuta soketi imeota unga wa kijani, au bomba za alumini zimevimba kwenye maungio, jua pampu iko njiani kufa, na si kifaa cha bei rahisi. Kwenye VII hadi IX, taa tatu za dashibodi za lami, changarawe na theluji zikiwaka zote kwa pamoja wakati gari linatembea, mtambo umejizima kwa hitilafu. Wapo wauzaji wanaotoa balbu. Kwa hiyo washa swichi bila kuwasha injini: taa zisipowaka kabisa, hilo ni baya kuliko zikibaki zimewaka. Matoleo ya RS, yale yaliyopunguzwa vitu, kwa kawaida hayana AYC, na kwa mtu wa rali au wa kipato cha kubana hilo ni jambo jema.

Kuhusu mlio, kwa sababu nitaulizwa. Ule mngurumo wa kudundadunda wa Subaru unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu kutoka kila upande wa injini. STI nyingi za soko la Japani zenye tabo ya njia mbili zina mabomba yaliyolingana, na hazilii hivyo. Usishangae ukaisikia GDB halisi ikilia kama gari la kawaida.

Maisha ya kila siku yanaipa STI ushindi. Vipuri vyake vingi vinaingiliana na vya Forester na Legacy, na kuna mafundi wengi zaidi wanaoijua. Buti la Evo X limeliwa na betri pamoja na tangi la maji ya kioo, na gia zake tano za mkono zinaifanya injini ipige kelele kwenye safari ndefu. Evo X ya gia za klachi mbili inatulia zaidi, lakini oili yake ya gia na filta lazima vibadilishwe kwa wakati bila mzaha, kwani joto ndilo linaloiua. Evo ilikoma mwaka 2016, STI ya VA, kizazi cha mwisho, ikafuata mwaka 2021; vipuri vya Evo vinaanza kuwa adimu mapema zaidi.

Jambo moja ni sawa kwa yote mawili: tairi nne ziwe za aina moja, saizi moja, na zimechakaa sawasawa. Ukikuta mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma, difu ya kati imekuwa ikifanya kazi hata gari linapokwenda mstari ulionyooka.

Nikisukumwa nichague, nasema hivi. Anayetaka gari la kupanda kila asubuhi, aliye tayari kuangalia oili bila kuchoka, achukue STI yenye EJ20. Akiikosa, EJ25 ambayo kompyuta yake haijawahi kuguswa, iliyopimwa kompresheni silinda zote nne mbele ya macho yake. Anayetaka kuongeza nguvu siku za usoni asipoteze muda, aende kwenye 4G63, na kwangu mimi ni Evo IX, iliyo na MIVEC, mtambo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, upande wa kuingiza hewa na tabo inayoamka mapema. Aweke kando pesa za mikanda na za pampu ya nyuma kabla hajalipia gari lenyewe. Zisipopatikana zote mbili, asubiri mwaka mwingine.