Ghost Ranch haikuwa mali ya Georgia O'Keeffe

Ikitajwa Ghost Ranch, ile ranchi ya wageni karibu na Abiquiú, New Mexico, wengi humtaja papo hapo mchoraji Georgia O'Keeffe, na wapo wanaoamini ilikuwa mali yake. Haikuwa. Alifika mara ya kwanza mwaka 1934 akiwa mgeni kama wengine, na mwaka 1940 akanunua nyumba moja na ekari 7 tu. Ranchi nzima ina takribani ekari 21,000.

Hata jina Ghost Ranch, yaani ranchi ya mizimu, halikutokana na mafuvu ya wanyama aliyoyachora. Kabla yake wenyeji waliiita Rancho de los Brujos, yaani ranchi ya wachawi. Wanasimulia kuwa wezi wa mifugo waliojificha kwenye korongo lile ndio walioeneza habari za mizimu ili watu wasisogee.

Anayestahili kukumbukwa ni Carol Stanley, na inaniuma kuona watalii wanapita bila kulisikia jina lake. Kisa kinachopendwa ni kwamba mumewe, Roy Pfäffle, alishinda hati ya ardhi kwenye mchezo wa karata mwishoni mwa miaka ya 1920. Huenda ni kweli, lakini karata hazikujenga chochote. Ni baada ya ndoa yao kuvunjika ndipo mwanamke huyu alipohamia huko, mbali na kila kitu, akajenga nyumba za matofali ya udongo na kuanza kupokea matajiri kutoka mashariki mwa Marekani. Ulikuwa wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, fedha zikamwishia, na katikati ya miaka ya 1930 akamuuzia Arthur Pack, mhariri wa Nature Magazine (si lile jarida la kisayansi la Uingereza).

Wengine hudhani Kanisa la Presbiteri liliinunua ranchi, au lilirithishwa na O'Keeffe. Ukweli ni kwamba Pack na mkewe Phoebe waliitoa bure kwa kanisa hilo mwaka 1955. O'Keeffe alikasirika sana kwa kuwa hakupewa nafasi ya kuinunua.

Nyumba yake sasa iko chini ya jumba la makumbusho lenye jina lake mjini Santa Fe. Ranchi inayoizunguka imebaki kuwa kituo cha mafunzo na mapumziko, na wageni bado wanalala huko.