Je, kilevi chote huisha biskuti za divai zinapookwa?

Wengi tumelelewa na imani kwamba divai ikiingia kwenye oveni, kilevi huruka chote na kubaki ladha tu. Msingi wake unaeleweka: kilevi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, na oveni huwa kwenye 180.

Ila ndani ya donge, kilevi kimeshikana na maji, na hutoka nayo kidogo kidogo. Vipimo vinavyotumika sana vinaonyesha kuwa chakula kilichochanganywa na kileo kikiokwa dakika 30 hubaki na takriban asilimia 35 ya kilevi chake. Kikiokwa saa nzima, asilimia 25.

Tuchukue ciambelline al vino, biskuti za umbo la pete za mkoa wa Lazio, Italia: unga wa ngano, sukari, mafuta, divai, mara nyingi na mbegu za anisi. Pete huchovywa sukari upande mmoja, kisha huokwa hadi zikauke na kuvunjika kwa mlio. Ni nyembamba, kwa hiyo hupoteza kilevi zaidi kuliko keki nzito yenye unyevu.

Hesabu unaweza kuifanya mwenyewe. Mililita 100 za divai ya asilimia 12 zina mililita 12 za kilevi. Ikibaki theluthi, ni 4. Gawa kwa biskuti 30, kila moja ina kama 0.13. Haileweshi, lakini si sifuri. Anayejiepusha na kileo kwa sababu ya dini au matibabu anastahili kuambiwa hivyo kabla hajanyoosha mkono. Kunusa hakutoshi; muulize mwokaji, au oka mwenyewe kwa juisi ya zabibu na upunguze sukari.