Je, wajua kwanini mkonga ya zamani inatangatanga ikifika kwenye lami?

Anayeendesha Land Cruiser mkonga, yani zile za 70 series, kati ya Arusha na Moshi hii hali anaijua. Mjini iko poa, rafu rodi ndo usiseme, ila ukishapita Kikatiti barabara ikaanza kufunguka kuelekea uwanja wa ndege wa KIA na Boma Ng'ombe ukagusa 80, gari inaanza kutafuta njia yake yenyewe, unairudisha kushoto inakwenda kulia, basi likikupita linaisukuma, na kilomita 80 tu za kufika Moshi unashuka mabega yanauma. Ukiuliza unaambiwa ndo zilivyo hizo gari, zoea. Mi nilizoea mwaka mzima na yangu ya 2001, na nawaambia kabisa sio kweli, hizi gari zikiwa sawa zinanyooka vizuri tu.

Chanzo kikubwa ambacho watu hawakiangalii kinaitwa kasta. Chukua baiskeli uiangalie kwa ubavu: foku ya mbele haijasimama wima, imelala, juu iko nyuma na chini iko mbele. Mlalo ule ndo kasta, na ni sababu mojawapo inayofanya dogo ashuke mteremko kaachia mikono na baiskeli inaenda tu. Sasa mkonga nayo ina mlalo huo huo kwenye kingipini, pale tairi la mbele linapogeukia, na huo ndo unaorudisha usukani katikati wenyewe na kuifanya gari ipende kunyooka. Shida ni kwamba kiwandani wameweka kidogo sana, hata ndugu yake VX ya zamani, ile ya 80 series, ni kama digrii 3 tu, kwahiyo huna akiba ya kuchezea.

Na sisi tunaichezea bila kujua! Eksel ya mbele ni chuma kimoja kuanzia tairi hili mpaka lile, kwahiyo chesisi ikiinama au ikiinuka, kasta nayo inabadilika. Huku kwetu gari inabeba wageni, mageleni, friji, mizigo juu ya kerea, basi nyuma ikianza kukaa chini tunaongeza springi. Piga hesabu kidogo: kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma ni kama mita 3, ukiinua mkia sentimita 5 pua inainama karibu digrii 1 nzima. Hapo theluthi ya kasta imeshaondoka na hata mbele hujagusa. Alafu kuna wanaonyanyua mbele kwa koili ndefu ili ipendeze, inchi 2 tu zinaweza kula digrii 2 nyingine. Kwa gari ya namna hiyo kutangatanga ndo lazima.

Lakini usikimbilie kasta kabla hujatafuta vilivyolegea, manake gari ya miaka 20 kwenye makorongo yetu haikosi. Zima mawazo ya kupiga jeki kwanza. Matairi yakae chini, injini iwake, mtu mmoja atikise usukani kushoto kulia kidogo kidogo na wewe ulale chini ushike kwa mkono kila jointi moja moja, tairodi endi zote, mguu wa stelingi boksi, na hasa ile rodi ndefu inayotoka kwenye chesisi upande mmoja na kushika eksel upande wa pili ili eksel isihame kulia na kushoto. Bushi zake zikiisha unakata usukani, body inahama kwanza, alafu ndo matairi yanafuata, na wewe juu unahisi gari imechelewa kukusikia. Ukimaliza hapo ndo uweke jeki, shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza mwambie mwenzio akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi ya wili, ukibaki ni kingipini. Hiki kipimo nilioneshwa na fundi mmoja mzee pale mtaa wa Unga Limited, Arusha, ni cha bure na kinaokoa hela nyingi sana.

Kitu kinachoniuma ni ile tabia ya kukaza skrubu ya stelingi boksi kama jibu la kwanza. Ukiikaza kupita kiasi usukani unakuwa mzito pale katikati na haurudi wenyewe, gari inazidi kuyumba, na boksi unaliua. Vilevile shokapu ya stelingi: mi nilibadilishiwa mara 2 kwenye gereji moja, kila mara afadhali ya wiki chache. Ile kazi yake ni kutuliza mtikisiko, haiongezi kasta wala haikazi bushi.

Upepo wa matairi pia, ukitoka hifadhini ulikopunguza jaza kabla ya kugusa lami, kipimo kipo kwenye mlango wa dereva.

Sasa kurudisha kasta yenyewe. Mkonga zenye koili mbele, yani kuanzia 1999, kuna bushi za ile mikono inayoshika eksel kwenye chesisi ambazo tundu lake halipo katikati, limesogezwa pembeni, ukizipiga zinaizungusha eksel. Zile za zamani zenye springi bapa mbele, wanaweka kabari kati ya springi na eksel, na iwe ya chuma, ya aluminiamu inapasuka. Ikiwekwa kinyume unapunguza badala ya kuongeza, kwahiyo simama hapo hapo uangalie. Ukienda alaimenti usikubali kupimiwa toe (matairi yanavyoelekea ndani au nje) peke yake, waambie wakupe na kasta kwenye ile karatasi. Yangu ilisoma digrii 1 na kitu. Tulitoa springi moja ya nyuma, tukaweka bushi mpya kwenye ile rodi ndefu na zile za kasta, ikafika karibu na 3. Jumapili iliyofuata nilikwenda Moshi na mama yangu kakaa mbele, na kufika Boma Ng'ombe alikuwa kasinzia.