Je, wajua kwa nini maji ya bomba yakilala huacha kunuka dawa?

Kinga maji ya mfereji jioni hapa Malindi, yaache ndani ya sufuria wazi hadi asubuhi, harufu ya dawa huwa imekwisha au imebaki kidogo tu. Imekwenda wapi?

Imepanda hewani. Dawa yenyewe ni klorini, ambayo asili yake ni gesi, nayo hutoka polepole kupitia uso wa maji. Ndiyo maana sufuria pana hushinda mtungi wa plastiki wenye shingo nyembamba, tena uliofungwa kifuniko. Jua nalo huivunja, na moto huikimbiza: maji yakitokota dakika chache, basi. Friji haiiondoi; baridi huificha tu puani.

Kwenye chai ndiko inakoudhi zaidi. Klorini ikikutana na majani ya chai huweza kuzaa vitu vyenye ladha ya hospitali, na ulimi huvitambua hata vikiwa kidogo mno. Anayetia maji, maziwa na majani pamoja ndipo awashe jiko, amejitakia. Maji yatokote kwanza peke yake.

Kwa juisi kuna njia ya mkato. Vitamini C huimaliza klorini papo hapo, na miligramu 2.5 hivi zatosha kwa miligramu 1 ya klorini. Lita moja ya maji yenye nusu miligramu hutaka kama kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu. Mwenye kukamua ndimu kwenye jagi hana haja ya kulaza maji.

Na mahamri? Wapo wanaoilaumu dawa unga usipoumuka. Mimi ningeitazama hamira kwanza, huenda imekaa sana kabatini. Klorini ya mfereji ni kidogo, na unga huimeza mara tu unapokandwa.

Uchumvi wa maji ya kisima, kama wanavyoujua watu wa Lamu, ni kesi nyingine kabisa. Hautoki kwa kulaza, na ukichemsha maji hupungua, chumvi ikabaki.

Ila pipa zima usililaze. Shirika la Afya Duniani linataka klorini ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita maji yanapomfikia mtumiaji, na isizidi 5, kwa kuwa ndiyo inayoyalinda njiani na nyumbani. Ikishatoka, kata moja iliyoshikwa kwa mkono mchafu yatosha kuyaharibu. Teka ya kunywa siku hiyo tu, uyafunike kwa kitambaa chepesi kisafi: gesi itapita, nzi hatapita.