Waona nini? Kumsikia Mungu pwani, mkekani na jikoni

Kiswahili kina ndege wa aina mbili. Yupo huyu mwenye mbawa, na ipo ile ndege ya bahati: mtu akitoka kwenda safari akakutana na jambo la kumtia shaka, huambiwa kapata ndege mbaya, arudi ndani. Wakristo wenzangu wa Unguja na Pemba wakifundishwa kwamba Mungu husema kupitia uumbaji wake, wengi hukimbilia ndege hiyo ya pili. Bundi kalia juu ya paa, Mungu anataka kuniambia nini? Mvua imenyesha siku ya harusi, ni baraka au onyo? Huko siko kumsikia Mungu. Ni kupiga ramli kwa jina lake, na Kumbukumbu la Torati 18:10 imeshaifunga njia hiyo inapomkataza "mtu atazamaye bao".

Yesu alisema, "Waangalieni ndege wa angani" (Mathayo 6:26). Kwanza akaeleza mwenendo wao: hawapandi, hawavuni, hawakusanyi ghalani. Kisha akamtaja Baba anayewalisha. Habari ya kesho hakuitafuta kwao. Sura ileile inamalizika kwa kutukataza kuisumbukia kesho. Hata Ayubu anaposema waulize wanyama nao watakufundisha (12:7), jibu lao liko mistari miwili mitatu mbele: uhai wa kila kiumbe umo mkononi mwa BWANA. Wanasema habari zake. Mambo yako ya wiki ijayo hawayajui.

Ninapofundisha somo hili huanza na Yeremia 1:11-12, na ningekuwa na nafasi ya andiko moja tu ningechagua hilo. Mungu anauliza, "Yeremia, waona nini?" Naye anajibu kwamba anaona ufito wa mlozi. Hasemi anaona tumaini, wala uamsho. Kaona tawi la mti, akalitaja kwa jina lake. Mungu akamwambia, "Umeona vema," na hapo ndipo neno lilipokuja: Mungu analiangalia neno lake ili alitimize. Katika Kiebrania mlozi ni *shaked*, na kuangalia kwa kukesha ni *shoked*. Tena katika nchi ile mlozi hutangulia miti mingine kuchanua baridi inapoanza kuondoka. Basi mpangilio ni huo: jicho, jina la kitu, kisha Neno. Anayeruka jicho huishia kusikia mawazo yake mwenyewe. Anayeruka Neno hubaki na mandhari tu.

Zaburi ya 19 imejengwa hivyohivyo. Mistari 6 ya kwanza ni mbingu na jua, na humo Muumba anatajwa kama Mungu. Wa 7 unageukia sheria, na kuanzia hapo anaitwa BWANA, jina la agano. Mwishoni mtunzi anaomba atakaswe na makosa asiyoyajua. John Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16, aliyafananisha Maandiko na miwani ya mzee: kitabu kiko mbele yake, lakini bila miwani hasomi kitu. (Neno letu "aya" lenyewe limetoka Kiarabu, ambako lina maana ya ishara na ya mstari wa maandiko pia. Nalipenda kwa sababu hiyo.)

Zoezi la kwanza ni la bahari, maana kisiwani haiko mbali na mtu. Chagua mahali pamoja pwani, uende siku 7 mfululizo, dakika 20 kila siku, maji yakiwa yamejaa. Anza siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au mwezi mpevu. Huo ni wakati wa bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na kutoka hufika karibu mita 4. Siku hizo maji hujaa kama saa 11 alfajiri na tena saa 11 jioni. Chukua ya alfajiri. Kila siku yatachelewa kwa dakika 50 hivi, na zaidi kidogo ukikaribia maji mafu, yaani siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, kwa hiyo siku ya saba utakuwa kwenye saa 4 asubuhi. Ukianza na ya jioni yatakupeleka usiku na zoezi litakufia njiani. Huna jedwali la maji? Muulize mvuvi yeyote.

Chomeka kijiti pale povu la mwisho linapoishia. Kesho yake chomeka cha pili. Dakika 10 za kwanza usiombe wala usisome, na simu iache nyumbani. Taja kwa sauti ndogo unavyoviona: povu, mwani mkavu, ganda la kome, kaa anayetoa mchanga shimoni, anautupa, anarudi ndani, anatoka tena na mwingine. Maneno kama "nzuri" na "ajabu" yaache. Hayo ni hukumu yako, si vitu. Kisha soma Ayubu 38:8-11 mara mbili, polepole, pale bahari inapowekewa mlango na makomeo na kuambiwa mwisho wake. Dakika zilizobaki kaa na swali moja tu: haya yananiambia nini juu ya Mungu mwenyewe? Kodi ya nyumba usiipeleke hapo, wala habari za mchumba. Andika mstari mmoja kwenye daftari, uondoke.

Siku ya saba una vijiti 7, na mstari wao unashuka kuelekea baharini. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu unaweza kuyasukuma maji yakapita kijiti cha jana. Usishtuke wala usitafute ujumbe, ni upepo. Nimeona kwamba siku za mwanzo watu huandika juu ya uzuri, na kufika ya nne au ya tano wanaanza kuandika juu ya uaminifu, kwa sababu maji yametimiza miadi bila kumngoja mtu. Hapo jicho limeanza kufanya kazi. Ndiyo maana simpeleki mwanafunzi mpya kutazama jua likizama pale Forodhani. Msisimko unakuja haraka mno, nao humfanya mtu adhani amesikia.

Zoezi la pili ni la kazi ya mikono, na kwa Pemba hakuna kazi iliyo bora kwa hili kuliko kuchambua karafuu. Huhitaji kutoka kwenda kusali, unasali hapohapo mkekani. Chukua shada moja, lizungushe kwenye kiganja: karafuu zinaachia, konyo linabaki. Sasa shika karafuu moja uisogeze karibu na jicho. Kuna kikonyo chembamba, juu yake vimeno vinne, na katikati yao kidonge cha mviringo kilichofumbwa. Kidonge hicho ni petali ambazo hazijafunguka. Waona nini? Naona ua lililochumwa kabla halijachanua. Likishachanua, thamani yake imepungua. Likichumwa changa mno, halijajaa. Kuna siku chache tu rangi inapotoka kwenye kijani kuelekea wekundu, na mchumaji anazijua kwa macho. Baada ya hapo jua la siku 4 au 5, kuanua na kuanika, na kilo 3 mbichi zinabaki kama kilo 1 kavu. Ukizirundika mbichi zinapata joto, zinaharibika. Mhubiri 3:1 juu ya majira, ikisomwa na mikono inayonukia karafuu, haisikiki kama methali ya ukutani.

Hapa pana kosa ambalo walimu wa Neno tunalifanya sana: kukilazimisha kila kitu kiwe mfano. Karafuu si kanisa na konyo si dhambi. Mhubiri atakayesema konyo ni takataka ya kutupwa atakuwa amekosea karafuu na Maandiko pamoja, maana makonyo nayo huuzwa na kukamuliwa mafuta kiwandani Wawi, na kila Mpemba analijua hilo. Kitu kikikaa kimya, kiache kimya. Kukitazama kwa shukrani kunatosha kwa siku hiyo.

Zoezi la tatu ni la jikoni, jioni, wali ukishapaliwa makaa. Una kama robo saa na huwezi kwenda popote. Ignatius wa Loyola (1491-1556), mwanzilishi wa Wajesuiti, aliwafundisha wenzake kuipitia siku mbele za Mungu kwa hatua tano: shukuru, omba mwanga, ipitie siku, omba msamaha, angalia ya kesho. Kwenye kuipitia siku, tumia adhana kama vituo. Hapa zinagawa siku ya kila mtu, Mwislamu na Mkristo: toka alfajiri hadi adhuhuri nilikutana na nani? Adhuhuri hadi alasiri? Alasiri hadi magharibi? Simama mahali moyo ulipofunguka, na mahali ulipofunga, ukae hapo kidogo. Zoezi hili huharibika mtu anaporuka shukrani. Likianza na makosa linageuka mahakama, na baada ya wiki mbili hakuna anayetaka kurudi.

Uumbaji hauimbi tu. Warumi 8:22 inasema viumbe vyote vinaugua, na kuugua huko nako kunasikika. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, na kina mama wa Paje na Jambiani wanajua jinsi mwani wa kotoni, ule wenye bei, unavyopauka na kukatika maji yakizidi joto, wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Mbele ya kamba za kufungia mwani zilizobaki tupu usitoe maelezo. Omba pamoja nao, ukiita hasara kwa jina lake.

Wala usiseme kwamba msiba ni hukumu. Meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikienda Pemba, ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Yesu alipashwa habari ya namna hiyo, akawataja wale 18 walioangukiwa na mnara Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4). Maiti hawapigiwi bao.

Unachodhani umekisikia, kipime. Kikipingana na Maandiko, kiache. Kikiwa kinasema tu kile ulichokuwa unakitaka tangu mwanzo, kiweke kando mwezi mmoja. Kisha kipeleke kwa mtu mmoja aliyekomaa, padri, mchungaji au mzee wa kanisa, umsomee ule mstari wa daftarini kama ulivyo. Eliya pale Horebu, baada ya sauti ndogo ya utulivu, hakupewa siri yoyote: aliulizwa tena swali lilelile, "Unafanya nini hapa?", akatumwa arudi njiani akawatie watu mafuta (1 Wafalme 19:13-16).

Na siku usiposikia kitu, andika ulichokiona: "kaa, mchanga, povu," na tarehe. Kesho njoo dakika 50 baadaye.