Je, wajua kwa nini shilingi ikiyumba, deni la murabaha, yaani mauzo ya mkopo ya benki ya Kiislamu, hukaa palepale?

Kati ya Machi 2023 na Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 9.5 hadi 13, sababu mojawapo ikiwa kuikinga shilingi iliyokuwa ikipigwa na dola. Mikopo ya riba isiyofungwa ikapanda nayo. Mwenye duka la vitambaa Eastleigh, Nairobi, aliyechukua mzigo kwa murabaha kabla ya hapo hakuwa na cha kuongezewa.

Jibu la haraka, na la makosa, ni kwamba benki ya Kiislamu haitozi kitu. Inatoza, tena pengine zaidi ya benki ya kawaida ya mtaa huohuo. Kosa la pili ni la wajuaji: eti hiyo ni riba iliyovishwa kanzu. Hilo halipuuziki, maana hesabu za mwisho hufanana kweli. Tofauti iko kwenye mali.

Benki haimpi mwenye duka pesa. Inanunua marobota ya vitambaa Guangzhou, Uchina, yanakuwa yake, ndipo inamuuzia kwa gharama pamoja na faida iliyotajwa wazi. Tuseme mzigo ni wa dola 10,000, dola ikiwa shilingi 130: gharama ni 1,300,000. Faida ya asilimia 12 ni 156,000. Jumla 1,456,000, kama 121,333 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Ni sawa na jirani anayekuuzia gunia la mchele kwa mkopo. Likinyeshewa kabla hajakuuzia, hasara ni yake. Akishakuuzia, hawezi kurudi mwezi wa tatu akasema mchele umepanda sokoni, ongeza.

Kinachoharibu mambo mara nyingi ni tarehe. Mteja akishamlipa muuzaji mwenyewe ndipo akimbilie benki, hapana tena cha kuuziwa. Kuiuzia benki mzigo wako kwa taslimu kisha kuununua tena kwa mkopo huitwa “ina”, na wanazuoni wengi wanaikataa.

Kinga hii ina mipaka. Faida yenyewe mara nyingi hupangwa kwa kuchungulia viwango vya soko la riba, na kila mzigo mpya hubeba bei mpya. Dola ilipofika shilingi 160 Januari 2024, marobota yaleyale yaligharimu 1,600,000. Kufikia Agosti ilikuwa imerudi karibu 130: mwenye duka la jirani anaingiza mzigo kwa bei nafuu, na aliyefunga mkataba Januari bado anadaiwa hesabu ya 160. Benki yaweza kumpunguzia kwa hisani, kudai hawezi.